Propela ya Masinga na Peni Yenye Tundu

Masinga
6 Februari 1984

Kwa Bwana Naftaly Gichuru, fundi wa vyuma, Umoja, Nairobi.

Bwana Naftaly,

Hunijui, na mimi sikujui. Jina lako nimepewa na mchungaji wetu. Anasema ulimtengenezea kinu cha kusaga ambacho mafundi wa Thika walikuwa wamekikataa. Mimi ni Kanyiva. Marehemu mume wangu Maingi ndiye aliyekuwa nahodha wa mashua ya kanisa hapa bwawani.

Maji ya bwawa yalipopanda yalitutenga na zahanati. Iko ng'ambo, unaiona kwa macho, lakini ukitaka kuifikia kwa miguu ni kuzunguka kutwa nzima. Ndipo kanisa likanunua mashua kuukuu ya injini. Mwaka juzi mwezi wa kumi, siku ya soko, mashua iligonga mti uliozama ikapinduka. Maingi hakuonekana tena. Tulimtafuta mpaka wapiga mbizi wakachoka. Mwishowe wazee wakasema tuzike gogo la mgomba mahali pake, kwa sababu kaburi likishachimbwa haliachwi tupu. Mchungaji hakupenda mambo hayo, lakini alikuja akaomba.

Sasa mashua iko ufukoni na injini inawaka. Inayonitesa ni propela. Ilipinda siku ile, na imeng'ang'ania kwenye shafti, kile chuma kinachoizungusha, kana kwamba ilizaliwa nayo. Vijana wameipiga nyundo, wameimwagia mafuta ya taa, mmoja hata ameikalia. Haitoki ng'o. Fundi wa Thika anasema inatakiwa pula, chombo cha kuivuta itoke, akataja bei nikamcheka usoni. Na kamati ya kanisa imeamua kwamba Pasaka ikifika kabla mashua haijaelea, itauzwa kama chuma chakavu. Nimewaambia itaelea, na nitaiendesha mimi. Walicheka, kisha wakaona mimi sicheki.

Je, unaweza kunitengenezea pula kwa bei ya mjane? Nimekuchorea propela kwenye mfuko wa unga. Mzunguko wa shafti nimeupima kwa uzi wa kiondo, kutoka fundo hadi fundo.

Mimi wako,
Kanyiva, mjane wa Maingi


Umoja, Nairobi
19 Februari 1984

Mama Kanyiva,

Loo! Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikaimaliza nimekaa. Mashua! Mama, mimi ni mtu wa Murang'a. Maji mengi kabisa niliyowahi kuyaona ni ya pipa. Hapa Umoja hata bomba lenyewe hutoa maji siku likipenda.

Binti yangu Lydiah alipouona mchoro wako alisema ni ua. Mimi nikasema ni feni. Chege wa kibanda cha jirani akasema ni mwanamke mwenye masikio matatu. Tukabishana hapa kando ya barabara ya Outer Ring mpaka wateja wakaanza kutoa maoni yao. Nikajiambia, Naftaly, umezeeka, hii kazi mwachie anayeijua.

Sasa sikiliza kilichotokea. Kuna jamaa hapa kwangu tunayemwita Bubu. Ni Mkamba mwenzako, analala Mathare, kazi yake ni kufungua mapipa na kuyanyoosha yawe mabati. Mwaka mzima sijamsikia akisema zaidi ya "asante" na "lete nyundo". Alipouona ule mfuko wa unga, nyundo ilimponyoka ikamwangukia mguuni, na wala hakushtuka. Akaniuliza ni nani amechora. Nikamwambia ni mjane wa Masinga, mumewe alizama. Akaenda kukaa nyuma ya mapipa, nikadhani ni maumivu ya mguu.

Aliporudi, Mama, Bubu aliongea! Chege alizima gesi yake ya kuchomelea aje asikilize. Jamaa alichora kwa kidole kwenye vumbi: sahani mbili za chuma kizito. Ya nyuma inakatwa mwanya kama herufi U, ipenye kati ya propela na mashua. Ya mbele inakaa wima mbele ya shafti. Bolti mbili ndefu zinaziunganisha huku na huku, na bolti moja nene inapita katikati ya ile ya mbele, inasukuma kichwa cha shafti. Ukiikaza, sahani ya nyuma inaivuta propela kwa kinyume. Basi. Hakuna kitu cha dukani hapo. Vyote ninaweza kuvitoa kwenye lori lililokufa.

Kisha akasema nikuandikie neno hili kama lilivyo: nati ya propela usiitoe yote. Ilegeze tu, uiache imeshika nyuzi chache, kwa sababu propela ikiachia inaruka, na ikikosa cha kuizuia itamvunja mtu miguu.

Nilimuuliza aliyajulia wapi ya mashua. Akachukua nyundo yake akarudi kwenye mapipa.

Kazi nimeianza. Bei usiniulize kwanza, utaniudhi.

Naftaly Gichuru


Masinga
1 Machi 1984

Fundi Naftaly,

Mwambie Chege kwamba huyo mwanamke wa masikio matatu ni dadake, na amesema haji kwake tena.

Nimecheka na barua yako, na mimi si mtu wa kucheka siku hizi. Nakutumia ndengu na asali. Asali ni ya Lydiah, usiimalize wewe. Mchungaji ameniambia na wewe uliondokewa na mwenzako, Mama Lydiah. Pole sana. Watu hudhani mtu akishavua nguo za msiba basi yamekwisha.

Lakini ile habari ya nati imenishtua. Maingi alikuwa akisema hivyo hivyo, iache imeshika nyuzi chache. Nilikaa na karatasi mkononi mpaka githeri ikaungua jikoni, na Nthoki, mama mkwe wangu, akaja mbio akidhani nyumba inawaka. Kisha nikajiambia labda watu wa mashua wote hufunzwa hivyo. Msalimie huyo Bubu. Mwambie mjane wa Masinga anamshukuru, Mungu amweke.

Huku mvua imekataa. Bwawa linashuka kila kukicha, na ule mti tuliougonga umetoa kichwa nje ya maji, mweusi. Watu hawataki kuutazama. Na kuna jambo la pili, la kunitoa akili. Ule mgomba tuliouzika umechipua! Nimeyang'oa machipukizi mara mbili na yametoka tena. Nthoki anasema mwanawe amekataa kulala. Namwambia mama, ni mgomba tu, gogo lilikuwa na kitako cha mizizi, mtu fulani alikuwa mvivu hakukikata. Hanisikii. Na mimi huenda kuyang'oa mchana tu, sitakuficha.

Hima na hiyo pula. Kamati imeshaleta mtu wa vyuma chakavu. Ameizunguka mashua akiigongagonga kama anayenunua ng'ombe, nikamfukuza.

Kanyiva, mjane wa Maingi


Umoja, Nairobi
17 Machi 1984

Mama Kanyiva,

Kifurushi kimepanda basi la Matuu leo asubuhi. Dereva ni mtu wangu, hatakipoteza. Kikibebwa na watu wawili usishangae, kina uzito wa mbuzi.

Sahani nimezikata kwenye fremu ya lori lililoanguka miaka iliyopita, chuma cha wanaume. Bolti mbili za pembeni zilikuwa zinashikilia springi za lori hilo hilo. Zilikuwa zimepinda, nikazinyoosha kwa moto, Bubu akipiga na mimi nikigeuza. Ile nene ya katikati imetoka kwenye jeki ya basi ambayo Chege alikuwa ameificha chini ya kitanda, kwa sababu gani sijui. Tulipigana maneno mpaka mkewe akaitoa mwenyewe akaitupa mlangoni.

Tuliijaribu kwenye gurudumu la lori lililoshikana na ekseli tangu sijui lini. Mama, lilivyoachia lilitoa mlio wa kutisha. Umoja yote ilitoka nje. Mama mmoja alikuwa amelala chini na mtoto wake akidhani ni bunduki, kanga kichwani, anataja majina ya watakatifu. Nimeomba msamaha nyumba kwa nyumba.

Sasa, ndani ya kifurushi, kwenye kitambaa, utakuta peni ya zamani, zile sarafu za mkoloni zenye tundu katikati. Hiyo ni ya Bubu. Anasema uiweke kati ya bolti na kichwa cha shafti. Ncha ya bolti itakaa kwenye tundu isiteleze, na peni ni laini kuliko chuma, kwa hivyo shafti haitaumia. Nilimwambia, weka peni yako, nitamtafutia washa, ile pete ya bolti. Alinikatalia kwa ukali ambao sijawahi kuuona kwake. "Hii ndiyo inaijua hiyo kazi," akasema. Salamu zako nilikuwa nimempa. Aliniomba nizirudie, nikazirudia.

Neno la mwisho, na usinicheke. Nimenunua shati. Jeupe, lenye mifuko miwili. Lydiah ananitania kutwa. Nilikuwa ninafikiria, Pasaka, fundi si ana haki ya kuja kuona kazi yake ikielea? Kama nimekosea, useme, mimi si mtoto.

Naftaly


Masinga
24 Machi 1984

Naftaly,

Propela imetoka. Hilo nakuambia kwanza kwa sababu ni haki yako. Ilitoa kishindo mpaka ndege wote wakaruka bwawani, na nati ikaizuia, kama ulivyosema. Watu walipiga vigelegele. Mimi sikupiga.

Naftaly, huyo mtu ni nani?

Nilipokifungua kile kitambaa niliruka nyuma. Nthoki alidhani nimeumwa na nge. Hiyo peni ni ya nyanya yangu, ilikuwa kwenye shanga zake. Pembeni ina mkato wa msumeno. Niliukata mimi mwenyewe nikiwa msichana, ili dada yangu asiniibie akasema ni yake. Nilimpa Maingi mwaka tuliooana. Alikuwa akiitumia kazi hiyo hiyo, kwenye bolti, na akimaliza anaifunga kwa uzi anairudisha kwenye mfuko wa shati. Asubuhi ile ya soko ilikuwa mfukoni mwake, nilimwona kwa macho yangu akiigusa. Ilizama naye! Imetokaje majini ikafika Umoja?

Labda kuna mtu aliyeiokota maiti ya mume wangu akaipora na asituambie. Kama ni hivyo nitakuja huko kwa miguu. Au labda ni jambo jingine. Siwezi kuliandika.

Mwambie akunje shati mkono wa kushoto. Maingi aliungua kwa bomba la injini, toka kiwiko mpaka karibu na kifundo, na kovu lina rangi mbili. Tafadhali, leo leo.

Na kama ni yeye, muulize kitu kimoja tu. Alikimbia nini? Hakuna aliyekufa! Abiria wote kumi na mmoja walitoka wazima. Walishika tumbo la mashua upande wa pili mpaka mitumbwi ikafika. Mwalimu Khavere hata kuku wake alitoka naye, akamwuza kesho yake. Tuliyemkosa ni yeye peke yake.

Sijamwambia Nthoki. Natembea hapa nyumbani kama mwizi.

Kanyiva


Umoja, Nairobi
2 Aprili 1984

Mama Kanyiva,

Keti kwanza. Umeketi?

Barua yako ilinikuta kibandani. Niliisoma, nikamtazama Bubu, nikaisoma tena. Mikono yake imejaa masizi siku zote, na jua liwe kali vipi hakunji shati. Sikuwahi kujiuliza. Nilimwendea nikamwambia, "Kunja mkono wa kushoto." Hakuuliza kwa nini. Alikunja polepole, na kovu lilikuwa hapo, lina rangi mbili.

Nikamwambia, "Wewe ni Maingi." Akasema ndiyo. Nikamuuliza alikimbia nini. Akasema, "Niliua watu kumi na mmoja." Alisema kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayetaja jina la kijiji chake.

Mama, mimi nina hasira za karibu, unajua. Nilimshika kola. Nilimpigia kelele mbele ya mafundi wote: hakuna aliyekufa! Hata kuku hakufa! Alinitazama kama ninamtukana. Nikamsomea barua yako, pale penye Khavere, mara ya kwanza, mara ya pili, na Chege naye akaichukua akamsomea kwa sauti. Ndipo akaketi kwenye vumbi. Alilia mpaka wamama wanaouza uji wakaja kutuuliza ni nani aliyefiwa. Nikawaambia hakuna.

Ameniambia ilivyokuwa. Alitokea juu ya maji upande wa ng'ambo. Upepo ulikuwa mkali. Aliona tumbo la mashua juu, wala hakuona mtu. Aliita, hakujibiwa. Akaogelea mpaka ukingo wa zahanati, akajilaza kwenye majani, na kutoka upande wa nyumbani akasikia nduru za wanawake. Akajua wamepata maiti. Alitembea mpaka Thika, na Thika hakukaa, kwa sababu aliwaona watu wa kwao stendi. Huku Mathare amekuwa akiwakwepa Wakamba wenzake kama mwenye ukoma. Siku nilipomwambia kwamba mjane wa Masinga anataka mashua ielee ndiyo siku alipojua u hai na bado una nguvu za kugombana.

Barua yake iko ndani ya hii. Aliichana mara nyingi.

Mimi nimefurahi kwa ajili yako. Na nimeumia, nalo nalisema, maana nisipolisema litanikwama. Lile shati nimempa yeye. Alikuwa hana la kurudi nalo nyumbani.

Naftaly


Nairobi
2 Aprili 1984

Mama Mbeti,

Sijui nianze wapi. Nilitaka kukuandikia kwa heshima, na sina heshima.

Nilifikiri nikirudi, wenye watu wao watanimaliza mbele yako na mbele ya mtoto wetu Mbeti, na watakuwa na haki. Kila asubuhi nilikuwa nikiwataja kwa majina wale kumi na mmoja, wote, kabla ya kula chochote. Leo nimeambiwa wanaishi. Sijui kama hii ninayoisikia ni furaha.

Sikuthubutu kujisema. Ile peni niliituma kwa sababu kazi ingeharibika bila hiyo. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Nafikiri pia nilitaka uione.

Mbeti ananikumbuka? Mama yuko? Ukisema nisije, sitakuja. Ukisema nije, niambie nipite njia gani.

Maingi


Masinga
9 Aprili 1984

Naftaly,

Wewe umenirudishia mashua na umenirudishia mtu, na mimi nimekurudishia maumivu. Hilo sitalisahau. Shati hilo nitalifua kwa mikono yangu nikuletee Umoja mimi mwenyewe, na nitakaa kwenye kibanda chako nile uji mbele ya huyo Chege. Ile karatasi ya chini mpe yeye. Kama kusoma kutamshinda, msomee, usiruke neno.

Kanyiva


Maingi,

Nduru uliyoisikia ilikuwa yako. Hakukuwa na maiti yoyote. Ilikuwa sauti yangu, na ya mama yako, na ya Mbeti ambaye alikuwa hajui bado kulia kama mkubwa. Nilikulilia kutwa na kucha. Na wewe ulikuwa ng'ambo, kwenye majani, unanisikiliza! Ulinisikia, ukageuka, ukaenda zako. Mume wangu, ungenijibu. Ungepiga ukelele mmoja tu, ningekuja kwa mtumbwi wa yeyote.

Nimekasirika mpaka siwezi kukaa chini. Nimevunja chungu. Kisha nacheka peke yangu jikoni, kwa sababu u hai, halafu nakasirika tena. Nthoki nimemwambia jana. Alikwenda kaburini, akayatazama machipukizi, akasema, "Si niliwaambia?" Kisha akaomba chakula, akala sahani mbili.

Unauliza upite njia gani. Propela imenyooshwa imerudi mahali pake, na mashua inaelea tangu Jumamosi. Kamati imeketi ndani yake na wala haitaji tena chuma chakavu. Njoo Jumamosi ya kabla ya Pasaka. Usipite barabara ya nyumbani, wala usiingie kwa kunyatia kama mtu aliyeiba kuku. Shukia upande wa zahanati, pale pale ulipojilaza, na usimame ukingoni wazi wazi, umevaa lile shati jeupe, mchana. Nimewaalika wote kumi na mmoja. Watakuwa ndani ya mashua. Utawatazama mmoja mmoja, na wao watakutazama.

Nitakuja kukuchukua mimi. Usukani usiuguse. Utakaa na abiria, na utalipa nauli kama wengine.

Tukifika huku, jembe nimeliegemeza kaburini. Nimeacha kuyang'oa yale machipukizi, sasa yananifika magotini. Kaburi ni lako, ulifukue mwenyewe, watu wakikuona, na mama yako akiwa amekaa hapo kwenye kiti. Ukimaliza, nawa mikono uje ule.

Peni ninayo mimi.

Kanyiva, nahodha